Harufu Mbaya Katika Friji: Inatoka Wapi, na Namna ya Kuiondoa

Mkulima akishaletewa stima na kununua friji, mara nyingi hufikiri ya kuwa sasa ameepukana na chakula kuoza. Huweka ndani maziwa ya jioni, nyama iliyobaki Jumapili, kabichi, samaki na sufuria ya maharagwe, akafunga mlango akaenda kulala. Baada ya majuma machache, akifungua mlango anapigwa na harufu mbaya puani. Hapo wengine hununua manukato ya kupuliza, wengine huweka unga wa kahawa katika kisahani, na wengine huzoea tu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekiondoa kitu kinachonuka.

Jambo hili si la usafi wa jikoni peke yake. Wewe uliye katika skimu, mwenye ng'ombe wawili au watatu, unajua ya kuwa maziwa ya asubuhi hupelekwa mara moja kwenye chama cha ushirika, lakini ya jioni hulala nyumbani. Hayo yaliyolala ndiyo yaliyo hatarini. Mafuta yaliyomo ndani ya maziwa hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo: kitunguu, samaki, mafuta ya taa, hata sabuni yenye manukato. Na ukifika mahali pa kukusanyia maziwa, karani haanzi kwa kupima uzito. Kwanza hufungua kifuniko cha mtungi na kunusa, ndipo aendelee na kipimo cha spiriti na cha laktomita. Harufu isipokuwa ya maziwa, mtungi unarudi nyumbani. Tuseme jioni unakama lita 8 na asubuhi lita 12, nawe umeyachanganya katika mtungi mmoja. Yakirudishwa mara tatu kwa mwezi, lita 60 zimepotea, na ng'ombe amekula chakula kile kile kama kwamba zote zimelipwa.

Kwa hiyo yafaa uijue friji yako vizuri.

Baridi haiui vijidudu

Watu wengi huamini ya kuwa kitu kikiingia katika baridi kimekuwa salama. Sivyo. Baridi ya friji, ikiwa ni nyuzi 4 za sentigredi au chini kidogo, huwapunguzia mwendo vijidudu vinavyoozesha chakula, lakini haiviui. Ni kama mbegu katika ghala kavu: haioti, lakini haijafa. Ukiitoa nje ikapata unyevu na joto, inaendelea na kazi yake. Tena viko vijidudu vya namna fulani ambavyo hupenda baridi, navyo huendelea kuongezeka polepole ndani ya friji yenyewe. Hivyo ndivyo vinavyoyafanya maziwa ya siku nyingi kuwa machungu, na nyama kuwa na utelezi na kunuka ijapokuwa haikutoka katika baridi hata saa moja.

Katika kazi yake ya kuozesha, kijidudu huvunja mafuta na nyama vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo huruka hewani. Hiyo ndiyo harufu. Basi kila unaposikia harufu mbaya, jua ya kuwa mahali fulani mna kitu ambacho kingali kinaoza. Maadamu kipo, utaosha leo na kesho harufu itarudi.

Hapa nataka msomaji ashike jambo moja ambalo linawaponza wengi. Harufu mbaya ni dalili ya kweli, lakini kukosekana kwa harufu si cheti cha usalama. Vijidudu vinavyoozesha chakula na vijidudu vinavyomwumiza mtu mara nyingi si vile vile. Kiko kimoja kiitwacho listeria ambacho hukua katika baridi ya friji, hakitoi harufu wala hakibadilishi ladha, nacho ni hatari sana kwa mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo maziwa mabichi sharti yachemshwe kabla ya kunywewa, hata yakiwa yamelala katika friji safi kabisa, na chakula kilichopikwa kikishalala kipashwe moto mpaka kitoe mvuke kote. Pua ni mlinzi mzuri, lakini yako mambo ambayo hayaoni.

Mahali harufu inapojificha

Kabla ya kuchukua kitambaa, tafuta. Chomoa waya wa stima kwanza, kisha toa kila kitu nje, hata barafu. Vyakula viweke katika beseni penye kivuli, uvifunike kwa kitambaa kilicholowa. Fanya kazi hii asubuhi mapema, wakati maziwa yamekwisha ondoka na jua halijawa kali.

Angalia kila kitu kwa zamu yake. Kabichi iliyoanza kuoza upande wa chini, kitunguu kilichokatwa, kipande cha nyama kilichofungwa katika karatasi ambacho kila mtu alidhani ni cha mwingine. Chakula kilichoharibika usimpe mbwa wala kuku. Kitie katika shimo la mbolea na kukifunika. Nyama na samaki vizikwe chini zaidi, ama sivyo mbwa watavifukua.

Mara nyingi chakula chenyewe sicho mkosaji. Mkosaji ni maji yaliyotoka ndani yake. Damu ya nyama huteremka kutoka kichanja cha juu mpaka chini ya droo ya mboga, ikatulia pale mahali ambapo macho hayafiki. Toa droo zote na vichanja vyote uangalie chini yake. Kisha angalia mpira unaozunguka mlango. Katika mikunjo yake hukusanyika maziwa yaliyomwagika na makombo, na baada ya hapo ukungu mweusi. Mpira huo ukiwa mchafu hautoi harufu tu, bali pia haufungi sawasawa. Baridi hutoka, joto huingia, na chakula huoza upesi zaidi. Jaribu hivi: bana kipande cha karatasi kati ya mlango na friji, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira haufanyi kazi mahali hapo. Oshea kwanza, kwa maana mara nyingi ni uchafu tu. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, mwite fundi aubadilishe.

Sasa tufike mahali ambapo watu tisa katika kumi hawajapata kuangalia kamwe. Katika friji nyingi, nyuma ukutani kwa ndani, chini karibu na droo ya mboga, pana tundu dogo. Unyevu wa hewa ukigusa ukuta ule wa baridi hugeuka matone, nayo huteremka hata kuingia katika tundu hilo na kutoka nje. Jani moja la dania au kipande cha ugali huliziba. Hapo maji husimama, na maji yaliyosimama yenye mabaki ya chakula huvunda kama dimbwi la njia ya ng'ombe. Lizibue kwa kijiti laini au mrija wa plastiki, kisha umimine maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka uyaone yanapita. Usitumie waya wenye ncha.

Maji hayo yanakwenda wapi? Zunguka nyuma ya friji. Juu ya ile mashine nyeusi ya duara iitwayo kompresa mna kisahani cha plastiki kinachoyapokea, na joto la mashine huyakausha. Kila kilichopita katika tundu kimelala humo: maziwa, damu, vumbi, na mende pia. Katika nyumba zetu za shamba hupatikana hata panya aliyekufa, kwa maana panya hupenda joto la mahali pale wakati wa baridi. Watu wameosha friji kwa ndani mara tano, na uvundo ukaendelea kutoka kwa panya aliye nyuma. Kama kisahani kinatoka, kitoe ukioshe; kama kimefungwa, kifute kwa kitambaa kilicholowa, waya wa stima ukiwa umechomolewa.

Kuosha

Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Vichanja na droo vioshwe nje. Kichanja cha kioo kilichokuwa katika baridi usikimiminie maji ya moto mara moja, kitapasuka. Kiache kwanza kipate joto la chumba. Ndani ya friji tumia kitambaa, si ndoo ya maji. Katika sehemu ya barafu, ngoja barafu iyeyuke yenyewe. Weka sufuria ya maji ya moto ndani ikiwa una haraka. Usiikwangue kwa kisu. Nyuma ya ukuta ule mwembamba hupita mirija ya gesi, na friji nyingi zinazouzwa siku hizi hutumia gesi inayoweza kuwaka moto, tena isiyo na harufu ya kukuonya. Kisu kikitoboa mrija, friji imekwisha, na huenda nyumba ikawa hatarini pia.

Baada ya sabuni ndipo utumie dawa ya harufu, na dawa hiyo iko dukani kwa bei ndogo. Lakini si dawa moja kwa kila harufu, na hapa watu wengi hupoteza kazi yao.

Harufu ya maziwa yaliyochacha na siagi mbovu kwa sehemu kubwa ni ya tindikali. Tindikali hukatwa na kitu cha namna ya magadi. Chukua bekingi soda, vijiko viwili vikubwa katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, ufute kila mahali, uache kwa dakika chache, kisha ufute tena kwa maji safi. Magadi ya kupikia maharagwe hufanya kazi hiyo hiyo lakini ni makali zaidi; tia kidogo, nayo yasiguse vyombo vya aluminiamu, yatavifanya vyeusi.

Harufu ya samaki ni kinyume chake. Ile inayobaki baada ya samaki wa ziwani au wa baharini haitoki kwa tindikali, bali ni jamaa ya amonia, ile harufu ya mkojo wa zizini. Hiyo soda haiwezi kuikata. Huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au kwa maji ya ndimu. Mama wa pwani anayekamulia samaki ndimu anafahamu jambo hili tangu zamani, na ndugu zetu wa skimu za huko, kama Shimba Hills au Mpeketoni, hawana haja ya kufundishwa. Ya nyama iliyooza huwa na harufu za namna zote mbili: osha kwa soda, suuza, halafu siku nyingine pita kwa siki. Usizichanganye katika beseni moja. Zitatoa povu zuri la kupendeza macho, lakini kila moja itakuwa imeua nguvu ya mwenzake, nawe utabaki na maji ya chumvi.

Penye ukungu mweusi katika mpira wa mlango, au pale ambapo damu ya nyama imekaa, unaweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita Jik. Kijiko kimoja kikubwa katika lita nne za maji chatosha. Lakini sikiliza neno hili: klorini na siki zisikutane kamwe, wala klorini na amonia. Zikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na jikoni zetu ni ndogo. Siku ya klorini iwe ya klorini, na madirisha yawe wazi.

Ukimaliza, kausha. Pengine kukausha ndiko kunakofanya kazi zaidi kuliko dawa zote. Acha mlango wazi kutwa nzima, na ikiwezekana usiku kucha, watoto wakikatazwa kucheza karibu. Vichanja na droo vianikwe juani. Ukungu hauwezi kukua mahali pakavu.

Makaa na kahawa

Baada ya kuosha na kukausha, harufu kidogo inaweza kubaki imeingia katika plastiki. Hapo ndipo makaa yanapofaa. Kipande cha makaa ukikiangalia vizuri kina vijitundu vidogo visivyo na idadi, na harufu hunasa humo. Chukua makaa mazuri yaliyo makavu, uyavunje vipande vya kadiri ya yai, uyapuse vumbi, uyatie katika bakuli wazi au katika mfuko wa kitambaa chepesi, uweke kichanja cha katikati. Ongeza bakuli jingine chini. Yabadilishe kila baada ya siku chache mpaka harufu iishe, na yale ya zamani uyatie jikoni upikie, hakuna hasara. Bekingi soda katika kisahani kipana hufanya vivyo hivyo, ila polepole.

Kahawa ni jambo lingine. Ni kweli nyumba hunukia vizuri ukiweka kahawa, lakini kwa sehemu kubwa harufu yake inaifunika ile mbaya tu. Nami sipendi kitu kinachomzuia mkulima asijue ya kuwa nyama yake inaoza. Manukato ya kupuliza ni mabaya zaidi, kwa maana yataingia katika maziwa, na karani hatauliza kama ni manukato ya bei kubwa.

Maziwa ya jioni

Sasa turudi kwenye mtungi. Friji ya nyumbani haikutengenezwa kupoza maziwa mengi yenye joto. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake. Ukitia mtungi wa lita 10 ndani ya friji moja kwa moja, huchukua saa nyingi kupoa hadi katikati, na wakati huo wote huipa joto nyama na mboga zilizo jirani, na mvuke wake huganda ukutani ukawa maji. Katika maziwa yenye joto vijidudu huweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa: kimoja baada ya saa tatu ni 64. Kwa hiyo mkulima anaamka asubuhi akiona friji inanuka na maziwa yamekatika, naye anailaumu friji.

Poza kwanza kwa maji. Maji huondoa joto upesi kuliko hewa. Weka mtungi katika beseni kubwa au karai la maji baridi yafikie usawa wa maziwa, koroga kwa mwiko safi wa chuma, badilisha maji yakipata joto. Ndugu wa Kinangop na Ol Kalou wana bahati, kwa maana maji yao ya usiku ni kama barafu. Yakishapoa, yagawanye katika vyombo vidogo vya chuma au aluminiamu vyenye kifuniko kinachobana, ndipo uyatie ndani. Chupa za plastiki zilizotumika kwa vitu vingine usizitumie, hazitakati sawasawa. Maziwa yawe kichanja cha juu peke yake. Nyama mbichi na samaki vikae chini kabisa, vimefungwa ndani ya bakuli lisilovuja. Asubuhi usimimine maziwa ya joto juu ya yale yaliyopoa. Peleka katika mitungi miwili.

Ikiwa umefanya hayo yote na bado maziwa yana harufu, huenda friji haina kosa. Mpe ng'ombe kikombe cha maswali: alikula nini saa moja kabla ya kukamwa? Saileji, kabichi, sukuma wiki, vitunguu na magugu yenye harufu kali hupita kutoka tumboni na katika pumzi hadi kwenye maziwa. Mpe baada ya kukama, si kabla. Kunusa maziwa yakiwa bado katika ndoo ya kukamia kutakuonyesha kama harufu imetoka zizini au jikoni.

Na neno moja la ukali kidogo. Soda ni ya kuoshea friji. Wako watu wanaoitia katika maziwa yaliyoanza kuchacha ili yapite kipimo. Huo ni udanganyifu, unavunja sheria, nao huharibu maziwa ya wenzako wote yaliyo katika tangi moja na yako.

Stima ikipotea

Uvundo mbaya kupita wote hutokana na stima kupotea wakati wenye nyumba hawapo. Ukiwapo, usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Sehemu ya barafu iliyojaa, ikiwa ni friza kamili, hushika kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Muda huo ukipita, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa ambavyo vimekaa katika joto zaidi ya saa mbili vitupwe, hata kama havijaanza kunuka.

Unapokwenda safari, tuseme msibani kwa siku nne, gandisha maji katika kikombe, uweke juu ya barafu yake sarafu ya shilingi, ukiache katika friza. Ukirudi ukaikuta shilingi juu, stima haikupotea kwa muda mrefu. Ukiikuta chini ya kikombe, barafu iliyeyuka ikaganda tena bila wewe kujua, na nyama ile isiliwe.

Angalia pia kitufe cha kuzungusha. Namba zake si nyuzi za joto. Katika friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi, na wako watu walioweka 1 wakidhani wamepata baridi kali. Nunua kipimajoto kidogo, ukiweke ndani ya kikombe cha maji katika kichanja cha katikati usiku kucha, na asubuhi kisome 4 au chini yake.

Harufu ambazo si za chakula

Katika miaka ya 1960, mashamba makubwa yalipokuwa yakigawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni, friji za mafuta ya taa zilikuwa zikitumika katika nyumba nyingi zisizo na stima, na ziko zinazotumia gesi ya kupikia mpaka leo. Hizo hufanya baridi kwa amonia iliyofungwa ndani ya mirija. Ukisikia harufu kali inayotoa machozi, kama ya zizi lililofungwa, usitafute soda. Zima moto wake, fungua madirisha, toa watu nje, uite fundi. Harufu ya mafuta ya taa yenyewe mara nyingi ni utambi mbovu au bomba la moshi lililoziba. Katika friji ya stima, harufu ya mpira unaoungua maana yake ni kuchomoa waya mara moja.

Dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia mimea zisiingie katika friji ya chakula hata kwa usiku mmoja, hata chupa ikiwa haijafunguliwa. Ikiwa imemwagika humo, chakula chote kitupwe, na friji hiyo isiwekwe chakula tena, kwa maana plastiki hunyonya dawa na hutaweza kuona kama imetoka. Chanjo za mifugo huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo watu huziweka pamoja na maziwa. Afadhali uichukue dukani siku ile ile ya kuchanja, katika chombo chenye barafu. Ikikubidi ilale, iwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, imeandikwa jina, mbali na chakula na mbali na barafu, kwa maana chanjo nyingi zikiganda huharibika.

Mwisho, ziko friji ambazo haziponi. Nyama ikioza ndani kwa majuma mawili, maji yake huweza kupita katika nyufa hadi kwenye sponji iliyo kati ya kuta mbili, nako kitambaa hakifiki. Ukiwa umeosha mara tatu, ukakausha siku mbili, ukaweka makaa majuma mawili, na bado inanuka, acha kupoteza sabuni. Usiiuze kwa jirani asiyejua. Inaweza kufaa kama kabati la mbegu au la vifaa vya kukamia visivyo vya maziwa, lakini kabla ya kuitoa nje ya nyumba ng'oa mlango wake kabisa. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa huisha upesi, na ukuta ule mnene hauruhusu sauti yake kusikika.